Mtoto wa 1949 ambaye nyumbani hatajwi

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36. Naishi Dar es Salaam, ila kwetu ni Kilimanjaro, upande wa Kibosho. Baba yangu alifariki mwaka jana, tukamzika nyumbani kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, jirani na babu na bibi. Baada ya matanga nilibaki wiki moja kumsaidia mama kupanga vitu. Kulikuwa na sanduku la bati la bibi ambalo baba alilitunza tangu bibi alipofariki, na ndani yake nikakuta kitabu chake cha sala kimefungwa kwa kitambaa. Katikati ya kurasa za litania kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne, hakizidi kiganja changu, kimeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia.

Nakuandikia kama kilivyo. Juu kuna “N. 412”. Chini yake jina la mtakatifu, la kiume, ambalo naomba nilifiche kwa sababu kwetu tunajuana. Halafu “nat. 27 7bris”, mstari unaofuata “bapt. 2 8bris 1949”, pembeni “in per. mort.”, na mwisho kabisa “M.” ikifuatiwa na jina la ubatizo la bibi yangu.

Mama, nimekua nikiambiwa baba ndiye kifungua mimba. Alizaliwa 1952, shangazi 1954, baba mdogo 1958. Babu na bibi walifunga ndoa kanisani Januari 1948, cheti chao kiko ukutani hadi leo. Baba mwenyewe alikuwa akisema yeye ndiye mkubwa wa nyumba, na alipewa jina la Kichagga la babu yake mzaa mama, mwashi hodari aliyejulikana hadi vijiji vya mbali. Alilipenda sana jina lile. Hakuwahi hata siku moja kutaja kaka.

Nilikwenda parokiani na karatasi yangu. Katibu alinipokea vizuri, akatoa daftari la 1949, akafungua Julai, akafungua Agosti, tukapitisha kidole mstari kwa mstari. Hakuna. Akaniambia labda karatasi si ya pale.

Kosa langu ni hili. Jioni ya siku ya kikao cha ukoo nilimwonyesha shangazi ile karatasi mbele ya watu. Akaishika, akaitazama kwa muda mrefu, akanirudishia, akasema, “Yule hakuwa wa kuongelewa.” Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Baba mdogo naye alikuja juu, akasema mirathi ya baba haijakwisha na mimi nataka kuwaletea mtu wa kudai kihamba.

Kuna jambo jingine ambalo huenda si kitu. Tulipokuwa watoto kulikuwa na sale, ule mmea wa heshima wa Wachagga, limepandwa peke yake nyuma ya migomba, na bibi alitukataza kabisa kulichezea. Baba mdogo anasema ni alama ya mpaka wa zamani.

Rafiki yangu kazini ananishauri nipime DNA. Mwingine anasema niende RITA nikatafute cheti cha kuzaliwa. Mume wangu anasema niache marehemu wapumzike. Nimejaribu kuacha, nashindwa. Huyu mtoto ni nani? Na kama sitaacha, nianzie wapi bila kuivunja familia?

Mjukuu, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na baba.

Usiache. Lakini rudi nyuma hatua moja, kwa sababu karatasi yako umeisoma vibaya mahali padogo, na padogo hapo ndipo utafutaji wako ulipokwama.

Hiyo “7bris” si mwezi wa saba. Mapadre wa enzi hizo waliandika madaftari kwa Kilatini, na kwa Kilatini saba ni septem, nane ni octo, tisa ni novem, kumi ni decem. Mwaka wa zamani wa Warumi ulianza Machi, ndiyo maana Septemba ikabeba jina la saba. Padre mwenye haraka hakuandika Septembris yote, aliandika 7bris akaendelea na kazi. 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, Xbris ni Desemba. Kwa hiyo mtoto wako alizaliwa tarehe 27 Septemba 1949, akabatizwa tarehe 2 Oktoba 1949. Wewe na katibu mlitafuta Julai na Agosti kwa uaminifu wote, na mngeweza kutafuta hadi jioni msimwone. Rudi mkafungue Oktoba. Tena una namba. Madaftari mengi ya ubatizo hupewa namba mstari kwa mstari, basi mwombe katibu aitafute 412 kabla ya kuhangaika na tarehe.

Sasa yale maneno ya pembeni, “in per. mort.” Ni ufupisho wa in periculo mortis, yaani katika hatari ya kufa. Ndivyo ilivyoandikwa pale mtoto alipobatizwa haraka kwa sababu waliokuwepo waliona huenda asifike kesho. Katika hali hiyo Kanisa halimsubiri padre. Katekista, sista, mkunga, hata jirani aliweza kummwagia maji na kutamka maneno ya ubatizo, kisha habari ikapelekwa misheni kuandikwa.

Nakuomba usikimbilie kulia, maana maneno hayo hayasemi kwamba mtoto alikufa. Yanasema kuna mtu aliogopa atakufa. Wengi walibatizwa hivyo wakapona, wakapelekwa kanisani baadaye kukamilishiwa ibada iliyobaki, na padre akaandika kwamba ibada zimekamilishwa: suppletae caeremoniae, au ufupisho wake. Ukiliona neno linaloanza na “suppl.” kwenye mstari wake, ujue alinyanyuka kitandani.

Halafu kuna hiyo “M.” Wewe umeisoma kama mama, na moyo wangu nao uliisoma hivyo. Lakini “M.” yaweza kuwa mater, mama mzazi, na yaweza kuwa matrina, mama wa ubatizo. Bibi yako alikuwa mwanamke kijana aliyeolewa kanisani, mtu wa kitabu cha sala. Kina mama wa namna hiyo waliombwa kusimamia watoto wa wenzao, na pengine alikitunza kikaratasi cha mtoto aliyemsimamia. Hilo karatasi yako haiwezi kulimaliza, ila daftari litalimaliza, kwa kuwa wazazi wana safu yao na wasimamizi wana safu yao, na sheria ya Kanisa hairuhusu mzazi kumsimamia mwanawe mwenyewe. Jina la bibi likiwa kwa wasimamizi, huyu si mtoto wake, na utakuwa umepata habari nzuri ya jinsi bibi alivyopendwa na jirani zake. Likiwa kwa wazazi, basi.

Nikueleze kwa nini nadhani utalikuta kwa wazazi. Uliandika jambo moja kama la kupita tu, kwamba baba yako alipewa jina la babu yake mzaa mama. Mwanangu, wewe ni Mchagga, unaijua desturi kuliko mimi. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Wa pili ndiye anayebeba jina la upande wa mama. Kama baba yako alikuwa wa kwanza, jina la upande wa babu lilikwenda wapi? Babu aliyefunga ndoa ya kanisani na kuning'iniza cheti ukutani aliruka jina la baba yake mzazi kwa kifungua mimba wake? Yawezekana, familia zina sababu zake. Ila ukiunganisha na mwanya uliopo kati ya ndoa ya Januari 1948 na kuzaliwa kwa baba 1952, na huyu mtoto wa Septemba 1949 akakaa katikati ya mwanya huo bila kubanwa, naona baba yako alilipokea jina la mtoto wa pili kwa sababu alikuwa mtoto wa pili. Muulize mama yako kwa upole: jina la baba mzazi wa babu, nani katika nyumba hii aliwahi kuitwa? Angalia pia alilopewa baba mdogo.

Hiyo ni dalili. Mstari kwenye daftari ndio ushahidi, na nataka ujue namna ya kuusoma, kwa sababu wengi huishia kwenye jina na tarehe wakafunga kitabu.

Soma ukingo. Tangu sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, daftari la ubatizo linamfuata mtu maisha yake yote. Akipata kipaimara, inaandikwa kwenye mstari wake wa ubatizo. Akifunga ndoa, hata kama ni Tanga au Nairobi, paroko wa huko anapaswa kupeleka taarifa parokia alikobatizwa, nayo inaandikwa pembeni ya jina lile lile, pamoja na tarehe na mahali, na mara nyingi jina la mwenzi. Mtoto aliyelelewa na watu wengine, akakua, akaoa, aweza kukutwa hapo kwenye ukingo, kwa mwandiko wa padre mwingine na wino wa rangi nyingine. Na aliyefariki, mara nyingi utakuta msalaba mdogo kando ya jina, au neno obiit na tarehe. Ukingo ukiwa mtupu kabisa, usihitimishe lolote. Omba daftari la marehemu, ni kitabu kingine, ufungue kuanzia Oktoba 1949. Likimtaja, laweza kukuambia siku aliyofariki na mahali alipozikwa.

Ndipo urudi kwenye lile sale. Baba mdogo hakosei: sale hupandwa mipakani. Lakini Uchagani hupandwa makaburini pia, na bibi hakuwa na sababu ya kuwakemea watoto wadogo kwa ajili ya mpaka. Hata hivyo usilichimbe, usilifyekee, wala usiweke msalaba kwa kubahatisha. Subiri daftari.

Ikiwa namba 412 haipo hata Oktoba, bado una milango. Waulize wazee kigango chenu mwaka 1949 kilikuwa chini ya parokia gani, kwa maana parokia nyingi za Kilimanjaro zimezaliwa kutoka kwa misheni mama zilizofunguliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na madaftari ya zamani mara nyingi yalibaki kwa mama. Nenda pia parokia ya kwao bibi alikozaliwa. Sheria ile ya 1917 ilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke kwa askofu nakala ya madaftari yake. Mwaka 1949 Moshi haikuwa jimbo bado, ilikuwa Vikarieti ya Kilimanjaro, jimbo lilitangazwa 1953. Uliza ofisi ya jimbo kama nakala hizo zimesalimika. Na uliza kitabu kinachoitwa status animarum, kilichoandika waamini nyumba kwa nyumba, baba, mama na watoto kwa mpangilio. Ukikikuta cha miaka hiyo, utawaona babu na bibi yako kwenye ukurasa mmoja na kila mtoto aliyekuwa chini ya paa lao. Si kila parokia imekitunza.

Kuhusu RITA sitakuchelewesha. Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ni ya mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi haikuwabana Waafrika, na mtoto aliyezaliwa nyumbani mlimani mwaka 1949 ni nadra mno awe na cheti cha serikali. Karatasi ya padre ndiyo iliyokuwa cheti chake. Na DNA haijui kusimulia habari za mtu usiye na chochote chake mkononi. Inalinganisha watu wawili. Hata ungetaka, nchini kwetu vipimo hivyo viko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya mwaka 2009, na maombi hupitia kwa mamlaka kama mahakama, polisi au ustawi wa jamii. Siku ukimpata mtu aliye hai anayedhaniwa kuwa wa ukoo, na pande zote mbili zikaridhia, hapo tutazungumza.

Nikusimulie langu, ujue nakushauri nikiwa nimepita njia hiyo. Mama yangu alizaliwa Uluguru, na alikua akisikia wakubwa wakisema “baada ya yule” kila walipotaja kuzaliwa kwake. Baada ya nani? Hakuna aliyejibu. Nilipofikia umri kama wako nikaenda misheni. Mara ya kwanza niliambiwa na mtu wa ofisini kwamba madaftari ya miaka ile yaliliwa na mchwa. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Mwaka uliofuata nilirudi na barua ya paroko wangu wa Dar es Salaam, nikamkuta sista mmoja mzee. Hakusema kitu, alichukua funguo, akafungua kabati la sakristia, akanitolea kitabu kizito chenye jalada la ngozi lililotafunwa pembe moja tu. Mchwa walikula pembe, majina yalikuwepo.

Nilimkuta ukurasa wa kushoto, mstari wa nne kutoka chini. Msichana. Jina, siku ya kuzaliwa, jina la babu yangu, jina la bibi yangu, na kando yake msalaba uliochorwa kwa kalamu iliyochovywa wino mwingi kiasi kwamba doa limetokea upande wa pili wa karatasi. Aliishi siku kumi na moja. Nilinakili kila herufi, hata zile nisizozielewa. Nilipomsomea mama yangu, alikuwa anachambua mchele. Mikono ilisimama. Akaniuliza nirudie jina. Nikarudia. Akalitamka yeye mwenyewe mara mbili, polepole, kama mtu anayejifunza jina la mgeni mlangoni, kisha akauliza, “Angekuwa amenizidi miaka mingapi?” Nikamwambia miwili. Akasema, “Basi tungecheza pamoja.” Hatukuzungumza zaidi siku ile, lakini tangu hapo kwenye misa ya Novemba ya marehemu wote, jina hilo mama aliliandika kwenye bahasha pamoja na ya wazazi wake.

Kwa hiyo naelewa kwa nini hulali. Mtu aliyezaliwa, akapewa jina, akaombewa, halafu nyumba nzima ikanyamaza juu yake, anakuwa ana uzito hata kwa mjukuu ambaye hakumwona.

Lakini shangazi yako naye ana uzito wake, na yeye yu hai. Rudi kwenye neno alilosema. Hakuuliza “nani huyu?” Alisema “yule”. Shangazi anamjua, ingawa mtoto alizaliwa miaka mitano kabla yake. Maana yake alisimuliwa, na aliyemsimulia pengine ni bibi mwenyewe, mama kwa binti, jambo ambalo bibi hakumpa mwanawe wa kiume. Labda pamoja na agizo la kutolisema. Wewe ukalitoa mbele ya kikao, siku za msiba wa kaka yake. Mwanangu, hapo ulimuumiza, na unajua, ndiyo maana umeliita kosa langu.

Usimpigie tena simu. Panda basi umfuate. Unajua kwenu mtu huomba msamaha kwa jani la sale, mmea wa aina ile ile iliyo nyuma ya migomba ya bibi: fuata desturi, na kama hujui namna yake muulize mama akuongoze. Omba radhi kwa namna ulivyouliza, kisha nyamaza. Usitoe karatasi. Lala hapo, msaidie kumenya ndizi, mpeleke kanisani. Akilianza yeye, msikilize. Asipolianza, kabla hujaondoka muulize swali moja ambalo halimshitaki mtu. Usimuulize “Mlificha nini?” wala “Alikufaje?” Muulize, “Bibi alipojifungua mara ya kwanza, nani alimhudumia?” Mzazi wa Kichagga alikaa ndani karibu miezi mitatu akihudumiwa, akiletewa mlaso na kitawa ili nguvu zirudi. Kulikuwa na mwanamke aliyebeba vile vibuyu, mama mkwe au wifi. Kwenye swali hilo wanawake wazee huwa wanaingia bila kujihami, kwa sababu ni swali la huduma, na mle ndani ya huduma ndimo mtoto alimo. Fikiria pia bibi yako alivyokuwa katika miezi hiyo kama mtoto hakuwepo tena mikononi. Ukifikiria hilo vizuri, hutamlaumu aliyekunja karatasi mara nne.

Kwa baba mdogo nitasema kwa kifupi. Mweleze wazi kwamba mirathi iliyoko mahakamani ni ya baba yako, na warithi wake wanajulikana. Mtoto aliyefariki mchanga 1949 hadai kihamba. Kama daftari litaonyesha alikua na ana watoto, na suala la ardhi ya babu likazuka, hilo litakwenda kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria, si kwako. Wewe mwahidi kwamba hutaweka chochote kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla hujazungumza naye. Na uitimize ahadi hiyo.

Ukingo ukikuonyesha alioa mahali fulani, usifike mlangoni kwake au kwa watoto wake ukiwa na karatasi. Atakuwa mzee aliyepita miaka 70, na huenda hajui kabisa kwamba aliwahi kuwa na nyumba nyingine. Pitia kwa paroko wa huko, aulize kwanza kama wako tayari.

Najua wapo wasomaji watakaosema hayo ni ya Wakatoliki tu. Walutheri wana vitabu vyao vya ubatizo kwenye sharika, na vya Uchagani ni vya zamani vilevile. Kwa familia za Kiislamu za Pwani, nimeona siku za kuzaliwa zimeandikwa ndani ya jalada la msahafu au kwenye daftari la hesabu za duka, pamoja na zile za waliofariki wachanga. Na pasipo na maandishi yoyote, mpangilio wa majina ya watoto husema mengi, kama ulivyosema wa baba yako.

Basi, ukienda parokiani safari hii, andika barua kwanza kwa paroko, ujieleze wewe ni mjukuu wa nani, uambatanishe nakala ya cheti cha ndoa cha babu na bibi. Kile cha ukutani kipige picha tu, usikitoe. Nenda siku ya kazi, si Jumapili. Usipige picha ukurasa bila ruhusa, kwa maana kuna siri za watu wengine kwenye mistari ya jirani. Beba kalamu ya risasi na daftari, unakili mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, hata usichokielewa, hata kilichokatwa. Yule katibu aliyekupokea vizuri mpelekee salamu, mwambie ni Oktoba.

Kisha niandikie. Si lazima uniambie yote wala jina lake, niambie tu pembeni kumeandikwa nini.